Thau mbili tu: dai ya kubana maganda na ujinga wangu wa miaka miwili

Jumamosi iliyopita binamu yangu wa Likoni alinipigia simu ya video nikiwa garaji, akaona ile presi yangu imefungwa mezani, mkono wake mrefu umesimama juu, akaniuliza, "Wee, umeanza kuuza juisi ya miwa huko Idaho?" Nilicheka mpaka nikaweka simu chini. Kwa kweli inafanana. Mkono wa chuma, unavuta, kitu kinapanda, kinabanwa. Ila hapa kinachobanwa ni ganda tupu la risasi ya raifo, na kinachotoka ni ganda lilelile limerudi umbo lake, tayari kujazwa tena. Nikamwahidi nitaandika, maana kwa simu nilishindwa kumweleza, na pia kuna Waswahili kadhaa hapa Boise, wengi ndugu zetu wa Kongo, wawili watatu wameanza kuingia kwa uwindaji na kila mmoja ananiletea swali lile lile: dai, ile silinda ya chuma inayobana ganda, unaikaza mpaka wapi?

Ya sheria kwanza, tumalizane nayo. Hapa Marekani mtu kujijazia risasi za matumizi yake mwenyewe haihitaji leseni ya serikali kuu, leseni inaingia ukitaka kutengeneza za kuuza. Kenya ni mambo mengine kabisa, huko ukishikwa unatengeneza risasi bila leseni hiyo ni kesi mbaya, kwa hivyo wewe uliye Kisauni soma hii vile unavyosoma habari za ligi ya Uhispania. Na mambo ya baruti, aina gani, kiasi gani, siyagusi, hapo kila mtu afungue kitabu cha kiwanda na afuate. Leo ni chuma na shaba tu.

Haya. Ukifyatua, ganda linavimba linajaa chemba yote (lile tundu la bunduki ambamo risasi hukaa), presha ikishuka linarudi ndani kidogo sana, halafu linabaki na umbo la chemba ya bunduki yako. Chukulia fundi cherehani amekupima kanzu mwilini ukiwa umesimama. Hilo ganda sasa ni lako, limeshonwa kwa kipimo cha raifo yako, lakini limebana sana, huwezi kulirudisha vile lilivyo ukategemea litaingia bila kusumbua kila mara, na shingo nayo imepanuka haishiki kichwa cha risasi. Ndipo inapokuja dai. Ni silinda ya chuma kigumu, ndani imechongwa umbo la ganda, unaifunga juu ya presi, unapaka ganda mafuta, unalikalisha kwenye kishikio, unavuta mkono, ganda linasukumwa ndani ya dai. Mbavu zinabanwa, bega (pale ganda linapopungua kuelekea shingoni) linasukumwa nyuma, shingo inakazwa, sindano ya katikati inatoa praima iliyotumika (ile fataki ndogo ya kitakoni), na ukishusha mkono kile kitufe cha ndani kinapita kwenye shingo kinaiweka sawa.

Mimi neno dai nililijua kitambo. Kabla sijaja huku nilifanya kazi kwa fundi mmoja wa jua kali Changamwe, tulikuwa na boksi la tepu na dai za kukatia thredi za bolti, na mwenye karakana alikuwa na mchezo wake, mteja akija kuchukua kazi bila pesa anamwambia "dai yangu iko kwa boksi, dai langu liko kwako." Kwa hivyo nilipofungua ile seti ya dai mbili za .308 Winchester, saizi ya risasi ya raifo yangu, nilijiona fundi tayari. Ndio tatizo lilipoanzia hapo hasa, mtu aliyeshika vernia (kile kipimo cha fundi chenye taya) miaka saba hasomi maelekezo vizuri, na akiyasoma hafikiri.

Maelekezo yalikuwa mafupi. Pandisha kishikio mpaka juu, zungusha dai ishuke mpaka iguse kishikio, shusha mkono, ongeza robo ya mzunguko hivi, kaza nati, maliza. Nikafanya hivyo hivyo. Maganda yakatoka yanang'aa, yakaingia kwenye raifo kama kisu kwenye siagi, bolti (komeo la raifo linalofunga chemba) inafunga kwa kidole kimoja, nikasema mambo si haya! Miaka miwili nikaendelea hivyo, kila ganda linafyatuliwa, linabanwa, linafyatuliwa.

Siku moja tumetoka kupiga shabaha kule kusini ya mji mdogo wa Kuna, nyika kavu tupu, ukifumba jicho moja unaweza kudhani uko njia ya Voi, jirani yangu mzee (nimuite Mzee tu, yeye huku wanamuita kwa jina lake lakini mdomo wangu haujaweza kumuita hivyo mtu wa miaka sabini na kitu) akawa ananisaidia kuokota maganda. Akaokota moja, akaligeuza juani, akavaa miwani, akavua miwani. Akaniuliza hili limefyatuliwa mara ngapi. Nikamwambia mara nne, labda tano. Akanionyesha juu kidogo ya kitako, kuna pete inang'aa imezunguka ganda, nyembamba, kama mtu amechora na kucha. Mimi niliiona zamani ile pete, nikadhani ni alama ya dai. Mzee hakusema kitu, akalitia mfukoni.

Jioni akaja garaji kwangu na msumeno wa chuma. Akalifunga kwa vaisi akalipasua kwa urefu, kutoka mdomoni mpaka kitakoni, akanipa nusu moja nitazame ndani. Pale pale kwenye ile pete, kwa ndani, kuna mfereji. Ukuta wa shaba umeliwa umebaki kama karatasi. Ningelifyatua mara moja mbili zaidi lingekatika vipande viwili ndani ya chemba, kitako kinatoka, mwili unabaki umekwama, na gesi inatafuta njia ya kutokea mahali ambapo uso wangu umelala. Kiwango cha juu cha presha ya .308 ambacho SAAMI, wale wanaoweka vipimo vya risasi Marekani, wameandika ni psi 62,000. Tairi ya Probox yako ina psi 32, piga hesabu mwenyewe.

Sasa kwa nini liliwe pale na si kwingine? Mzee alinichorea kwa penseli kwenye ubao wa meza, na mchoro upo mpaka leo. Risasi kama .308 haina ukingo wa kuizuia kitakoni, inayoizuia isiingie zaidi ni bega lake kugota kwenye bega la chemba. Kama umelisukuma bega nyuma sana, ganda linakuwa fupi, linacheza mbele nyuma ndani ya chemba. Pini ikipiga inalisukuma mbele. Baruti ikiwaka, ukuta wa mbele wa ganda ni mwembamba, unavimba upesi unang'ang'ania chemba. Kitako ni kinene, hakivimbi, hakishiki, kwa hivyo kinarudi nyuma mpaka kigonge uso wa bolti. Mbele imeshika, nyuma inaondoka, na shaba ya katikati ndiyo inavutwa. Kila mara unalifyatua inavutwa, kila mara unalirudisha kwenye dai unaandaa nafasi ya kuvutwa tena. Mimi mwenyewe ndiye nilikuwa naikata, raifo haina kosa, kiwanda hakina kosa.

Akanionyesha pia kipimo cha masikini: waya wa klipu ya karatasi, unaunyoosha, ncha unaikunja kama ndoano ndogo, unaiingiza ndani ya ganda unakwaruza ukuta kutoka kitakoni kuja juu. Kama kuna mfereji ncha inadumbukia, unaisikia kidoleni. Usiku ule nilikwaruza maganda yote mia na kitu. Arobaini na moja niliyaponda kwa nyundo ili nisije nikayaonea huruma.

Kumbe maelekezo ya dai hayajakosea, yanajibu swali lingine tu. Kiwanda hakijui raifo yako. Kinataka ganda litakalotoka pale liingie kwenye raifo yoyote duniani ya kipimo hicho, hata ile yenye chemba fupi kabisa inayoruhusiwa. Ndio maana vishikio vyote vya kawaida vina kina kimoja, thau 125, yaani inchi 0.125, na dai imechongwa kwa kufuata hicho kina, vikigusana ganda linatoka saizi ndogo kabisa. Chemba hupimwa kwa geji, vipande vya chuma: ya GO bolti lazima iifunge, ya NO-GO isiifunge. Kwa .308 geji ya GO ni inchi 1.630 na ya NO-GO ni 1.634, maana yake raifo mbili nzima, mpya, halali, zinaweza kupishana kiasi hicho. Nguo ya mtumba ya saizi ndogo inaweza kumwingia mtoto yeyote wa darasa, hiyo haimaanishi inamkaa.

Hapa nisimame kidogo niseme kuhusu thau kwa sababu binamu alichanganyikiwa. Nyumbani ukisema thau watu wanafikiria shilingi elfu. Huku kwa mafundi thau ni elfu moja ya inchi, sehemu moja ukigawanya inchi mara elfu. Karatasi ya printa ni kama thau nne. Na kila mtu anayejua hii kazi, kwa raifo ya bolti, anakwambia bega lirudi nyuma thau moja mpaka mbili tu kutoka pale lilipokuwa baada ya kufyatuliwa. Za nusu otomatiki unaipa tatu au nne kwa sababu inajifunga yenyewe haina mkono wa kuilazimisha. Thau mbili ni nusu ya karatasi! Mimi nilipokuja kupima, nilikuwa nasukuma tisa.

Na kupima ndio kazi yenyewe, bila kupima unabahatisha. Kuna kidude kinafungwa kwenye taya ya vernia, kina tundu, kwa .308 tundu lake ni kipenyo cha inchi 0.400, bega la ganda linakaa pale, unasoma kutoka kitako mpaka pale. Namba unayoisoma si ya kwenda kubishana nayo na geji ya kiwanda, inaweza kupishana kidogo, kazi yake ni kulinganisha ganda na ganda kwa kifaa hicho hicho. Jambo moja lilinipotezea jioni nzima: toa praima kwanza kabla ya kupima. Praima iliyofyatuliwa inaweza kuwa imetokeza nje kidogo na wewe unapima praima badala ya kitako. Na usichukue ganda lililofyatuliwa mara moja tu tangu likiwa jipya, mara nyingine bado halijajaa chemba sawasawa, chukua yale ya mara mbili tatu, matano hivi, uangalie yanakubaliana. Yangu yalisoma 1.632, moja likasoma 1.631. Yaliyopita kwenye dai yangu ya zamani 1.623. Nilikaa nikaitazama ile namba nikaona aibu.

Kwa hivyo nikairudisha dai juu nusu mzunguko, nikaanza upya kushuka polepole. Na hapa ndipo nilipochanganyikiwa mpaka nikadhani vernia imekufa. Ganda la kwanza, dai iko juu, limetoka 1.632, sawa, halijaguswa bega. Nikashusha dai robo mzunguko, likatoka 1.634. Ati limekuwa REFU! Nikashusha tena kidogo, 1.635. Nikalitia kwenye raifo, bolti ikagoma kufunga. Nikatoa betri ya vernia nikarudisha, nikafuta taya, nikapima kidole cha mwanangu, sijui nilitegemea nini.

Nikampigia Mzee saa tatu usiku, nikajua nimemkosea adabu, yeye akacheka. Akanieleza: dai inabana mbavu kabla haijafika kwenye bega. Ukibana mbavu shaba itaenda wapi? Inapanda juu, inalisukuma bega mbele. Finya chapati mbichi ya duara mikononi uone kama haitoki juu. Kwa hiyo kuna sehemu ya katikati ambapo ganda lililobanwa nusu ni refu kuliko ambalo halijabanwa kabisa, na ni lazima upite hapo, usiogope, endelea kushuka mpaka dari ya dai ikutane na bega na kuanza kulirudisha. Watu wengi wakifika pale bolti ikakataa wanaingiwa na hofu wanairudisha dai mpaka chini kabisa kama mwanzo, na ndio ile thau tisa tena.

Ila sasa unashuka kwa kiasi gani? Hapa ufundi wa Changamwe ulinisaidia. Thredi ya hizi dai ni 14 kwa inchi. Mzunguko mmoja mzima ni inchi moja gawanya kwa 14, thau 71 na kidogo. Sasa fikiria juu ya dai ni uso wa saa. Dakika moja ya saa, ile alama ndogo, ni thau moja na pointi mbili hivi. Ndio siri yote! Nikachora mstari kwa maka peni kwenye dai na mwingine kwenye presi, nikawa nasogeza dakika mbili, nabana ganda, napangusa mafuta, napima. 1.635. 1.633. 1.631. Hapo nikapunguza, nikasogeza dakika moja tu. 1.630. Nikalipangusa, nikalitia kwenye raifo (tupu, na bolti nimeitoa pini na ile springi ya kutemea maganda ili nisikie vizuri mkononi), mkono wa bolti ukaanguka wenyewe mpaka karibu na mwisho, ukagusa kitu kilaini sana, ukafunga. Kati ya dai na kishikio palibaki uwazi, nikapitisha kipande cha karatasi ya printa kikapita kwa kubanwa kidogo. Thau nne. Miaka miwili nilikuwa naivunja karatasi hiyo.

Usitegemee kwamba dakika moja ya dai itakupa hesabu ile ile kwenye ganda kila mara, presi yenyewe inapinda kidogo, thredi zina mchezo, shaba nayo inarudi. Saa ni ya kukupeleka mtaani, vernia ndiyo inakufikisha nyumbani. Na nati ya kufungia ni mwizi, unapima unapata sawa, unaikaza, dai inazunguka nayo au inajiinua, thau mbili zimepotea. Ninachofanya, napandisha ganda ndani ya dai, naacha mkono umelala chini na uzito wake, ndio nakaza nati hapo hapo, dai inakaa katikati na haiendi popote. Halafu napima ganda lingine, ambalo bado sijalibana, si lile lile nililolibana mara kumi, kwa sababu kila ukibana shaba inazidi kuwa ngumu na kurudi zaidi. Ganda la majaribio lililochoka litakudanganya.

Hapo kwenye ugumu ndipo wengi wanapopotea baadaye. Umeseti dai vizuri Januari, Agosti unabana maganda yale yale yamefyatuliwa mara tano, unakuta bega halirudi tena, 1.631, 1.632. Dai haijasogea, shaba imekuwa kaidi. Kuna wanaoyapasha moto shingoni na begani yalainike tena, sijaanza hiyo, mke wangu ana maoni kuhusu moto garaji. Mimi nayatenga kwa makopo, kopo la mara moja, la mara mbili, na kila kopo napima matatu kabla sijaanza, ikibidi nasogeza dakika moja. Pia nimejifunza kuuacha mkono chini pale ganda limefika juu kabisa, nahesabu moja mpaka tano kwa utulivu, ndio naachia. Namba zinakaa karibu karibu zaidi nikifanya hivyo. Wengine wananunua seti ya vishikio vya kina tofauti, vya Redding kwa mfano vinapanda kwa thau mbili mbili mpaka kumi, dai wanaigusisha kabisa na kishikio ndicho kinaamua bega. Kitu kizuri. Mimi ni bahili, nina maka peni.

Mafuta nayo, aisee. Ganda la kwanza kabisa maishani mwangu nililibana bila mafuta ya kutosha. Likaingia, halikutoka. Nikavuta, ule ukingo mdogo wa kitako unaoshikwa na kishikio ukang'oka, ganda likabaki ndani ya dai kama mtu aliyekataa kushuka matatu. Dawa yake ni kutoboa kitako kwa drili, kukata thredi kwa tepu ya robo inchi, kuingiza skrubu na kulivuta nje kwa spana, na hapo angalau nilijua ninachofanya. Lakini mafuta mengi pia ni shida, yanakusanyika dari ya dai, hayana pa kwenda, yanabonyeza bega la ganda kidimbwi kama gari limegongwa. Waksi kidogo ya kidole, mbavuni, begani usipake, na ndani ya shingo guso tu. Hilo la ndani ya shingo nililidharau mpaka nilipoona vipimo vyangu vinaruka ruka bila sababu, kumbe kile kitufe kikitoka kwenye shingo kavu kinakwaruza na kulivuta bega kuja mbele. Halafu ukimaliza yaoshe yote. Ganda lenye mafuta halishiki ukuta wa chemba vizuri na mzigo unahamia kwa bolti.

Urefu mzima wa ganda pia upime ukishabana, shaba inayosukumwa lazima iende mahali na inaenda shingoni, .308 mwisho ni 2.015, ikizidi unakata mpaka 2.005. Hilo ni rahisi, nisilipigie kelele.

Kuna kitu watu wa nyumbani waliniuliza, kama hii inahusu ile 303, raifo ya babu zetu waliokuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni) na baadaye askari wa wanyama pori. Ile ni tofauti kidogo, ina ukingo kitakoni, na kiwandani inazuiliwa na ukingo, bega linaweza kuwa na nafasi kubwa mbele yake. Chemba za raifo zile za vita zilichongwa kwa upana ili risasi yenye tope iingie pia. Kwa anayejaza tena, ukiibana mpaka chini kila mara utaua maganda upesi kuliko mimi. Dawa ni hiyo hiyo, sahau ukingo, fuata bega lilipofika baada ya kufyatuliwa.

Ubaya wa kuseti dai kwa raifo moja ni kwamba maganda yanakuwa ya raifo hiyo. Mwezi wa kumi, siku mbili kabla ya kwenda kutafuta elki (si swala, ni wa jamii ya wale Waingereza wanaita deer, ila chukua pofu umpe pembe za matawi), Mzee akaishiwa risasi akaniomba ishirini. Yeye ana .308 pia. Nikampa kwa furaha. Akajaribu moja uwanjani kwanza, mdomo wa raifo ukiangalia kilima, bolti ikakwama kidole kimoja kabla ya kufunga. Chemba yake ni fupi kuliko yangu kwa thau kama tatu. Sasa hebu fikiri hilo lingemkuta juu mlimani, baridi, elki amesimama. Tulirudi garaji, nikabana mengine kwa ajili yake na dai imeshushwa, na tangu hapo dai yangu ina mistari miwili, mweusi wangu, mwekundu wake. Na zile za kuwindia zote, kila moja inapita kwenye raifo yake tukiwa uwanjani kabla ya safari, hata kama nilizipima.

Lile ganda lililopasuliwa liko dirishani hapa mbele yangu, nusu mbili zimelazwa kando ya kopo la waksi. Mwanangu anaviita vijiko.

Jana Mzee alikuja tena, amemnunulia mjukuu wake raifo ya 6.5 Creedmoor, saizi nyingine ya risasi, na dai mpya iko bado kwa karatasi yake. Macho yake hayasomi tena vernia vizuri, kwa hivyo yeye alikuwa anavuta mkono wa presi na mimi nasoma. Tulipita pale mahali bega linapoenda mbele, akanitazama pembeni kuona kama nitaogopa. Tukashuka dakika moja, tena moja. Nikapangusa, nikapima.

"Ngapi?"

"Mbili."

Akafunga nati.